Kusinzia, Kulala na Kuzima: Jinsi Kompyuta ya Mpakato Itunzavyo Nishati ya Betri

Katika Kiswahili cha siku hizi kitenzi kuzima kimetwishwa mzigo mzito kupita kiasi. Mtu akifunga kifuniko cha kompyuta yake ya mpakato husema ameizima. Skrini ikiingia giza kwa kuachwa dakika kumi bila kuguswa, husemwa kuwa imezima. Betri ikiisha kabisa, imezima. Na mwenye kompyuta akiamuru programu zote zifungwe na umeme ukatwe, yeye naye ameizima. Hali hizi nne si moja. Katika ile ya kwanza kazi aliyokuwa akiiandika aghalabu ingali hai katika kumbukumbu ya mashine, na betri ingali ikiliwa polepole. Katika ya pili huenda kompyuta haikuacha kazi yake hata kidogo. Katika ya tatu yote yasiyohifadhiwa yamepotea. Ni ya nne peke yake iliyo kuzima kwa kweli. Mwalimu atumiaye umeme wa jua katika shule ya bweni, au karani akaaye katika mji wenye mgao wa umeme, akiambiwa "izime" asijue ni kuzima kupi, aweza kupoteza kazi ya siku nzima. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi mashine hizi zitunzavyo nishati, na kwa njia hiyo kupima maneno tuliyo nayo, ni yapi yafaayo na ni yapi yapotezayo.

Kwanza jina lenyewe. Mpakato latokana na kupakata, yaani kuweka kitu mapajani kama mtoto apakatwavyo. Wengine, hasa nchini Kenya, husema kipakatalishi, na neno hilo nalo lina mzizi uo huo. Jina lafuata mahali kompyuta iwekwapo, lakini kinachoiwezesha kupakatwa si udogo wake tu, bali ni betri. Kompyuta iitwayo Osborne 1, iliyotoka Marekani mwaka 1981, ilitengenezwa makusudi ili ichukuliwe safarini. Ilikuwa na mpini, na uzito wake ulikuwa kama kilo 11, wala haikuwa na betri ndani yake. Ilibebeka, lakini kupakatika haikupakatika. Tangu siku hizo hadi leo shida ya watengenezaji imekuwa moja: betri huongezeka uwezo kwa mwendo wa kobe, ilhali kazi wanazozitaka watu huongezeka kwa mwendo wa sungura. Basi ikawa hapana budi kujifunza kubana matumizi.

Hapa yatupasa kutenganisha maneno mawili ambayo usemi wa kila siku huyachanganya. Neno nguvu tumezoea kulitumia kwa kila jambo. Lakini kiasi kilichomo ndani ya betri ni nishati, nayo hupimwa kwa wati-saa. Kasi ya kuitumia nishati hiyo ndiyo nguvu, nayo hupimwa kwa wati. Nishati ni maji yaliyomo pipani, nguvu ni wingi wa maji yapitayo bombani kwa wakati mmoja. Betri yenye wati-saa 50, ambayo ni ya kawaida kwa kompyuta ya mpakato, ikitumiwa kwa wati 10 itadumu saa 5. Ikitumiwa kwa wati 5 itadumu saa 10. Na mashine ikilala kwa nusu wati, betri hiyo itakwenda saa 100, yaani siku nne na saa nne. Tofauti hii ya maneno si ya kujionyesha elimu. Tutaona baadaye kwamba mashine yaweza kupunguza nguvu bila kuokoa nishati hata chembe, na asiyetenganisha mawili haya hawezi kulifahamu jambo hilo.

Nishati yaenda wapi? Katika kazi nyepesi, kama kusoma na kuandika, mlaji mkubwa mara nyingi ni skrini. Skrini ya kioo-maji haitoi nuru yake yenyewe. Nyuma yake huwaka taa, na nuru ya taa hiyo hupita katika vichujio na rangi hata ikamfikia msomaji sehemu ndogo tu, pengine chini ya kumi kwa mia. Iliyobaki hugeuka joto. Ndiyo maana kupunguza mwanga wa skrini, kama mama apunguzavyo utambi wa kandili, ni tendo moja rahisi lenye faida kuliko mengi yasifiwayo. Skrini za aina mpya, ambazo kila nukta yake hujiangazia yenyewe, zina tabia nyingine: nukta nyeusi haiwaki, kwa hiyo ukurasa mweusi hula kidogo kuliko mweupe. Katika skrini ya kioo-maji ukurasa mweusi hausaidii kitu cha kutajika, kwa kuwa taa ya nyuma yaendelea kuwaka.

Ama kichakataji, hicho ndicho chenye maajabu. Ndani yake mna transista mabilioni, na kila transista ibadilipo hali, kijihifadhi kidogo mno cha chaji hujazwa na kumwagwa. Nishati ya kukijaza na kukimwaga hukua kwa mraba wa volteji, na tendo hilo hurudiwa kwa kila pigo la saa ya kompyuta. Basi nguvu inayoliwa huenda sambamba na kasi ya mapigo, na huenda sambamba na mraba wa volteji. Punguza kasi kwa nusu, nguvu itapungua kwa nusu. Lakini punguza volteji kwa robo, kutoka 1.2 hadi 0.9, nguvu itashuka hadi sehemu 56 kwa mia ya ilivyokuwa, hata kasi isipoguswa. Walakini volteji ndogo haiwezi kuendesha mapigo ya kasi. Mawili haya hushuka pamoja na hupanda pamoja.

Mwaka 1994 Mark Weiser na wenzake wa maabara ya Xerox kule California walieleza kwamba mfumo endeshi wapaswa kukipangia kichakataji kasi kwa kadiri ya kazi iliyopo, ili kisikimbie bure kisha kikakaa kungoja. Mwaka 2000 wazo hilo lilikuwa limekwisha kuingia sokoni: Intel walileta SpeedStep, AMD wakaleta PowerNow, na kampuni ya Transmeta ikatoa kichakataji kiitwacho Crusoe kilichobadili kasi na volteji chenyewe kazi ikiendelea.

Je, mwendo wa polepole ndio bora siku zote? Hapa watu wengi hukosea, na yafaa tufanye hesabu. Tuseme kuna kazi inayochukua sekunde 10 kwa kasi kamili. Kichakataji chala wati 20, na sehemu nyingine za mashine, skrini ikiwamo, zala wati 6. Kazi ikimalizwa kwa kasi, zimetumika wati 26 kwa sekunde 10, yaani jouli 260. Kisha mashine ikilala sekunde 10 zilizobaki kwa nusu wati, jumla ni jouli 265. Sasa tupunguze kasi kwa nusu na volteji kwa robo. Kichakataji kitakula kama wati 5.6, jumla ya mashine wati 11.6, lakini kwa sekunde 20: jouli 232. Tumeokoa. Lakini tuseme volteji imekwisha kufika chini kabisa haipunguziki tena, nasi tukapunguza kasi peke yake. Kichakataji chala wati 10, mashine nzima wati 16, kwa sekunde 20: jouli 320. Hapa tumepunguza nguvu na tumepoteza nishati! Mwendo wa kinyonga umeifanya skrini na vinginevyo vikeshe bure.

Kwa sababu hiyo wahandisi waligawanyika njia mbili, wengine wakishika mwendo wa taratibu, wengine wakisema heri kukimbia ukapumzika upesi. Wa pili walipata nguvu mpya katikati ya miaka ya 2000. Kabla ya hapo, kwa kanuni aliyoieleza Robert Dennard na wenzake mwaka 1974, transista zilipofanywa ndogo volteji nayo iliweza kushushwa, hata joto lisizidi. Zilipokuwa ndogo mno zikaanza kuvuja: mkondo wa umeme ukawa unapita hata transista ikiwa imefungwa, kama bomba lisilokaza. Kitu kinachovuja hakina faida ya kuwekwa macho muda mrefu kwa kazi ndogo. Hata hivyo mimi naona ugomvi huu ulikuzwa kuliko stahili yake. Hesabu iliyo hapo juu yaonyesha kwamba jibu hutegemea volteji ina nafasi ya kushuka au haina, na kwamba baada ya kazi mashine itapata kulala au msomaji angali ameikodolea macho.

Sasa tuje katika usingizi, na hapa lugha yetu ni tajiri kuliko inavyodhaniwa. Mtu aandikapo, hata akiwa mpiga chapa hodari, baina ya herufi moja na ya pili kichakataji hupata nafasi ambayo kwake ni sawa na juma zima la mapumziko. Katika nafasi hiyo husimamisha mapigo ya sehemu zake, na kikiona nafasi ni ndefu zaidi hukata umeme katika baadhi ya vyumba vyake kabisa, kisha huamka kabla mwandishi hajainua kidole. Hali hii haifai kuitwa kulala. Kiswahili kina kusinzia: mtu yu wima kitini, kichwa chashuka kidogo, akiitwa huitika papo hapo. Napendekeza neno msinzio kwa hali hizi za kichakataji, na kwa kuwa ziko za vina mbalimbali, tuseme msinzio mwepesi na msinzio mzito. Ule mzito huokoa zaidi lakini kuamka kwake kwachukua muda na nishati. Kusinzia sana kwa nafasi fupi ni hasara.

Kwa miaka mingi msinzio huo uliharibiwa na desturi moja ya kale. Mifumo endeshi ilikuwa na kengele iliyolia mara 100, 250, hata 1000 kila sekunde, kuuliza kama kuna kazi mpya, ikawepo isiwepo. Kichakataji kilikuwa kama mlinzi aamshwaye kila dakika kuulizwa kama amelala. Mwaka 2007 Linux, katika toleo 2.6.21, iliacha desturi hiyo mashine inapokuwa haina kazi. Kengele hulia tu pale panapojulikana kuwa pana jambo. Mwaka huo huo wahandisi wa Intel walitoa programu iitwayo PowerTOP, ambayo kazi yake ni kutaja kwa jina kila programu inayokiamsha kichakataji na mara ngapi kwa sekunde. Zikaonekana programu nyingi zilizokuwa zikiamka kila mara pasipo haja. Mpaka leo mwenye kutaka betri idumu hupata faida kwa kufunga programu na kurasa asizozitumia, nazo zinadhuru si kwa ukubwa wake, bali kwa kule kubisha hodi kusikokwisha.

Kulala kwa mashine nzima kuna taratibu zake zilizoandikwa. Mwaka 1992 Intel na Microsoft walitoa kanuni za kwanza, zilizouachia uongozi programu ndogo iliyomo ndani ya mashine tangu kiwandani. Mwishoni mwa mwaka 1996 Intel, Microsoft na Toshiba wakatoa kanuni mpya, ziitwazo ACPI, zilizompa mfumo endeshi uongozi huo, kwa sababu yeye ndiye ajuaye mtumiaji anafanya nini. Katika kanuni hizi hali za usingizi hutajwa kwa herufi S na tarakimu. Zinazotuhusu ni S3, S4 na S5.

Katika S3 skrini, diski na kichakataji hunyimwa umeme. Kumbukumbu peke yake hulishwa. Kwa nini ilishwe? Kwa sababu kila herufi tuliyoiandika imewekwa humo kwa chaji ndogo ndani ya vijihifadhi vinavyovuja, na kila kimoja sharti kijazwe upya kwa kawaida mara moja katika kila milisekunde 64, la sivyo yaliyomo yafutika. Huku ndiko kulala kwenyewe, na neno kulala lakutosha kabisa: alalaye hupumua. Mashine huamka kwa sekunde chache na kazi yake ipo. Lakini betri ikiisha akiwa amelala, kazi imekufa.

Katika S4 yote yaliyomo katika kumbukumbu huandikwa kwanza katika diski, kisha umeme hukatwa. Mashine iwashwapo huyasoma tena ikaendelea pale ilipoachia, hata ikiwa wiki tatu zimepita na betri ilitolewa. Waingereza wamelipa jambo hili jina la usingizi wa wanyama wa nchi za baridi, wanaolala majira yote ya theluji. Pwani yetu haina theluji, na aliyetafuta mfano wa nyumbani angeweza kumtaja kamongo, samaki wa Ziwa Nyanza, awezaye kujifukia topeni maji yakikauka na kungoja mvua. Ni mfano mzuri, ila una kasoro ile ile iliyo katika jina la Kiingereza: kamongo topeni hula nyama ya mwili wake mwenyewe, na mnyama wa theluji hula mafuta yake. Wote wawili ni S3, si S4! Mashine iliyo katika S4 haili karibu kitu. Kwa hiyo tusiazime mnyama. Tunalo neno amana, kitu kinachokabidhiwa mahali salama kirudishwe kama kilivyo, nami naona kuzima kwa amana kwaeleza jambo lenyewe kwa usahihi zaidi kuliko jina la asili. S5 ndiyo kuzima tupu.

Tangu mwaka 2012 imeenea hali nyingine, ambayo katika mashine nyingi mpya imeipokonya S3 mahali pake. Skrini hufungwa, vyombo vingi hutulizwa, lakini mashine huendelea kuamka kidogo kidogo kupokea barua na habari kama simu ifanyavyo. Yaliyo bora ya hali hii ni wepesi wa kuamka. Mabaya yake ni kwamba programu moja yenye tabia mbaya yaweza kuikesha mashine nzima. Kompyuta ikatiwa mkobani ikidhaniwa imelala, ikatolewa jioni ina moto na betri haina kitu. Wazee wana neno la hali hii tangu zamani: usingizi wa mang'amung'amu. Mwenye safari ndefu asiutegemee. Heri azime kwa amana.

Kisa kimoja chastahili kutajwa kwa kuwa kilifika kwetu. Kompyuta ya watoto iitwayo XO, iliyoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 2007 na kupelekwa kwa wingi katika shule za Rwanda, ilikuwa na skrini iliyoweza kusomeka juani bila taa ya nyuma, na chombo cha pekee kilichoushikilia ukurasa usionekane kutoweka wakati kichakataji kimelala. Mtoto alisoma, mashine ililala, wala yeye asijue.

Imebaki betri yenyewe. Betri za nikeli na kadimiamu za zamani zilikuwa na tabia ya kusahau uwezo wao zikijazwa kabla ya kuisha, na mafundi wakawafundisha watu wazimalize kabisa kwanza. Betri za lithiamu, zilizoingizwa sokoni na Sony mwaka 1991, na ambazo Goodenough, Whittingham na Yoshino walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019 kwa kuzivumbua, hazina tabia hiyo. Lakini fundisho limesalia madukani kama ada isiyo na asili. Zenyewe huzeeshwa na mambo mawili hasa, joto na kukaa zimejaa pomoni. Seli moja ikijaa huwa na volti kama 4.2, na katika volteji hiyo kemia yake hujila upesi. Joto likiongezwa, upesi zaidi. Kompyuta iliyochomekwa umeme mchana kutwa katika ofisi ya Dar es Salaam au Mombasa isiyo na kipoza hewa huteseka kwa yote mawili, na ile iliyoachwa garini juani huteseka kuliko zote. Mashine nyingi za sasa zina mpango wa kuacha kujaza zifikapo 80 kwa mia, na mtu afanyaye kazi karibu na umeme siku zote yafaa autumie. Betri itakayowekwa kabatini miezi mingi iwekwe ikiwa nusu, pahali pa baridi kidogo.

Na ile tarakimu pembeni mwa skrini, isemayo kwamba zimebaki 37 kwa mia, si kipimo cha moja kwa moja kama kijiti kitiwacho katika pipa la maji. Ndani ya betri mna chombo kidogo kinachohesabu mkondo unaoingia na unaotoka, kikilinganisha na volteji na joto, kisha kikakisia. Kila hesabu ina kosa dogo, na makosa hukusanyika. Betri nayo huzeeka, hata mia ya leo isiwe mia ya mwaka juzi. Ndipo hutokea mashine ikasema ina 15, mara ikazimika ghafla. Kwa betri iliyochakaa namna hiyo, kuiacha ishuke mara moja hadi karibu na mwisho na kuijaza mpaka juu humsaidia mhesabuji apate upya mwanzo na mwisho wake. Betri haiponi kwa tendo hilo, ni hesabu tu inayosahihishwa.